Orodha isomwe hadharani: siasa za kambini tulizohama nazo hadi Nairobi

MWENYE UZI

Wanajamvi, salamu.

Jumapili mbili zilizopita chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Kabiria, mtaa wa Nairobi, kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya karatasi moja. Tuko wanachama 61, karibu wote Wakongomani wa Kivu Kusini, na kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa mwezi. Katibu alikuwa ameandaa orodha mpya ya wanachama, akaomba mkutano uipitishe kwa kuinua mikono ili tuingie kwenye ajenda ya pili. Nusu ya chumba ikainua mikono. Nusu nyingine ikakataa, na mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye kwa kawaida hasemi neno kikaoni, akasimama akasema, "Orodha isomwe." Katibu akamjibu kwa upole kwamba orodha imebandikwa ukutani na kila mtu ataiona akitoka. Mama akarudia, na safari hii wengine wakamwitikia: isomwe kwa sauti, jina kwa jina, na kila anayetajwa asimame.

Mabishano yalichukua saa nzima. Katikati yake nilianza kuwaangalia watu badala ya kuwasikiliza, nikagundua jambo ambalo sikulitarajia. Wabembe walikuwa pande zote mbili, Wafuliiru vilevile, Banyamulenge vilevile. Wa Pentekoste na Wakatoliki walichanganyika. Vijana na wazee pia. Waliotaka orodha isomwe ni wale waliopitia Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoko kaskazini magharibi mwa Kenya. Waliokuwa wakishangaa ni wale waliopanda basi Uvira au Bukavu wakashukia Nairobi, wakapanga chumba, na hawajawahi kulala kambini hata usiku mmoja.

Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoka na maandishi yanayomwonyesha mtu wa kambini kama kiumbe anayekaa kivulini kusubiri chakula na ndege ya kumhamishia ng'ambo. Kambini siasa huanza alfajiri bombani. Ila ni siasa za orodha: nani ameandikwa, ameandikwa kama nani, nani alishika kalamu, na nani aliruhusiwa kuiona karatasi kabla haijapelekwa ofisini. Naamini siasa hizo zimetuumba kuliko makabila tuliyotoka nayo nyumbani, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Niliingia Kakuma mwaka 2009 nikiwa na miaka kumi, na kitu cha kwanza nilichopoteza pale kilikuwa jina. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mimi na ndugu zangu wanne hatukuwa na jina hata moja tulilochangia. Karani aliyetuandikisha, kijana mpole aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake, aliuliza jina la kwanza, jina la baba na jina la babu, kwa kuwa fomu yake ilikuwa na visanduku vitatu. Baba alieleza desturi yetu kwa Kiswahili cha kwetu, karani akaitikia kwa kichwa huku akiandika, na tulipotoka pale watoto watano tulikuwa tumevikwa jina la babu ambaye mimi sikuwahi kumwona. Shuleni likageuzwa, la babu likaja mbele, na ndivyo lilivyochapishwa kwenye cheti changu cha KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Leo nina karatasi tatu zenye mipangilio mitatu tofauti ya majina, na kila ninapokwenda kusajili laini ya simu au kufungua akaunti ninaanza kwa kueleza kwamba wote hao watatu ni mimi.

Baada ya jina ikaja saizi. Kadi ya rasheni ilikuwa na namba pembeni mwake, na kila mgao ukifika namba moja ilitobolewa. Lakini namba iliyokuwa na uzito ni ile ya idadi ya watu nyumbani. Sisi tulikuwa saizi saba. Mtu aliyekuja peke yake alikuwa saizi moja, na neno hilo lilisemwa kwa sauti ile ambayo nyumbani lingesemwa neno yatima. Wavulana wa saizi moja walitafutana wakapika pamoja, Mrundi na Mkongomani na Msudani katika sufuria moja, kwa sababu vikombe vya unga vya watu watatu vikiunganishwa vinafika mwisho wa mwezi kwa urahisi kuliko kila mmoja na chungu chake. Nimeona udugu wa namna hiyo ukidumu kuliko wa damu. Nimeona pia familia ikificha msiba wiki nzima ili saizi isishuke kabla ya mgao. Sitaki mtu awahukumu kabla hajawahi kukadiria kikombe cha unga kwa macho.

Nitaendelea na habari za bloku, yaani vitongoji vya kambi, na wenyeviti wake hapa chini. Nawaomba walioishi kambi za Dadaab, kule Garissa, na wenyeji wa Turkana, kaunti iliyo na Kakuma, waliomo humu, wachangie, kwa kuwa mimi ninajua upande mmoja tu wa ua.

MWENYE UZI (inaendelea)

Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kutoka Sudan, na kwa miaka mingi watu waliwekwa kwa taifa na kwa kabila, ili kila kundi likae na lugha yake. Ulikuwa uamuzi wa kurahisisha kazi, lakini una matokeo yake. Ukimweka mtu mahali kwa sababu ya kabila lake, kisha ukampa maji, shule na mwenyekiti kupitia mahali hapo, kabila linaacha kuwa habari ya mababu na kuwa anwani. Vita vya Sudan Kusini vilipozuka Desemba 2013 na wageni wakaanza kumiminika, Wadinka na Wanuer waliokuwa wamesoma darasa moja walijikuta wakiulizwa wanatoka upande gani, na mwaka 2014 wakapigana ndani ya kambi hadi wengine wakahama nyumba zao. Kalobeyei, iliyofunguliwa mwaka 2016 umbali mfupi kutoka Kakuma, ilipangwa kwa wazo tofauti, kwamba wakimbizi na wenyeji watumie shule na zahanati zilezile.

Bloku yetu, kule Kakuma 3, ilikuwa ya mchanganyiko. Mwenyekiti wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mzee wa Kirundi, na kando yake alikuwepo mwenyekiti wa kike, kwa kuwa mashirika yalitaka kila bloku iwe na wote wawili. Siku ya uchaguzi watu walipanga mistari nyuma ya wagombea wakahesabiwa. Nikiwasimulia wazee wa Kikenya hapa Nairobi jambo hilo wanacheka, kisha wanakumbuka uchaguzi wao wa mlolongo wa mwaka 1988, uliolalamikiwa kwa wizi, na kicheko kinaisha.

Mwenyekiti huyo alikuwa na mamlaka gani? Kwenye karatasi, hakuna. Hakuwa na polisi, hakuwa na fedha, hakuweza kumhamisha mtu wala kumzuia. Alikuwa na daftari la mistari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Lakini barua yake ndiyo iliyokuonyesha ofisini kuwa ni mtu wa pale. Neno lake ndilo lililopeleka jina la kijana kwenye kazi za insentivu, zile ambazo mkimbizi hulipwa posho kwa kazi ambayo Mkenya aliyekaa naye meza moja hulipwa mshahara. Na daftari lake ndilo lililoulizwa kila shirika lilipokuja na vitu vichache kuliko watu.

Nitatoa mfano mmoja. Laga ya Tarach, mto wa msimu unaopita kambini, ilifurika usiku, maji yakaingia katika nyumba za upande wa chini, na matope yakabaki ukutani kama mstari wa rangi. Shirika moja likaja likasema lina mabati ya nyumba kumi na mbili, na likataka majina kufikia kesho yake asubuhi. Bloku ilikuwa na nyumba zipatazo tisini. Jioni ile mzee alikaa chini ya mti, watu wakamzunguka, na mwenyekiti wa kike akasoma majina waliyoyachagua, kwanza kwa Kiswahili, kisha kijana mmoja wa Kisudani akayarudia kwa Kiarabu. Kila aliyetajwa alisimama. Jina la tano lilipotajwa mtu mmoja akasema bila kupandisha sauti, "Twendeni tukaone mstari." Watu wote, watoto wakitangulia, wakaenda na kurunzi hadi kwenye nyumba hiyo wakaangalia ukuta. Mstari wa matope ulikuwa umeishia kwenye kifundo cha mguu. Wakarudi, jina likafutwa, likaandikwa la mjane wa Kikongomani ambaye mstari wake ulifika kiunoni, na aliyefutwa akakaa chini. Alinuna mwezi mzima. Lakini alikuwa amefutwa mbele ya macho ya watu, kwa sababu aliyoiona yeye mwenyewe.

Ndipo nikaelewa kile mama wa Kabiria alichokuwa akidai. Kwa mtu aliyelelewa vile, orodha iliyobandikwa ukutani imekwisha kuamuliwa. Iliyosomwa kwa sauti bado inaweza kupingwa.

MCHANGIAJI KUTOKA EASTLEIGH

Ndugu mwenye uzi, asante. Mimi nimeipitia hiyo orodha kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo niruhusu niseme.

Mimi ni Mkenya. Nimezaliwa kaunti ya Garissa mwaka 2001, wazazi wangu wana vitambulisho vya Kenya, na babu yangu anazo karatasi za zamani kuliko uhuru. Ukame wa mwaka 2011 ulipoua karibu mifugo yetu yote, jirani alimwambia mama kwamba huko Ifo, moja ya kambi za Dadaab, watoto wanapewa chakula. Mama alikwenda, akasema sisi ni Wasomali, jambo ambalo ni kweli, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Vidole vyangu vikachukuliwa. Tulikaa miezi kadhaa, mvua ikanyesha, tukarudi. Mwaka 2019 nilipokwenda kuomba kitambulisho, afisa aliniwekea vidole kwenye mashine, akatazama kioo, akaniambia mimi ni mkimbizi. Kakangu mkubwa, ambaye siku ile alibaki nyumbani na ngamia wawili waliosalia, ana kitambulisho. Mimi sina. Laini yangu ya simu ni ya binamu.

Tuko maelfu katika hali hii huko kaskazini mashariki. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini pale Wajir kuondoa usaili wa ziada ambao watu wa kaunti za mpakani walikuwa wakipitia ili wapate vitambulisho, na tulishangilia kama wengine, lakini shida yangu haikuwa usaili wa wazee. Shida yangu ni kidole kilichokwisha kusema. Kwa hiyo unaposifu orodha inayosomwa chini ya mti, ninakuelewa kuliko unavyodhani. Yangu haikusomwa. Ingesomwa pale Ifo mbele ya watu, kungekosekana kweli mzee mmoja wa kusema, "Huyu ni binti wa fulani wa kijiji fulani, ni wetu, mpeni chakula lakini msimwandike huko"?

Nikuongezee jambo moja la Dadaab ambalo linagusa hoja yako kuhusu kabila. Wapo Wasomali wenye asili ya Kibantu, wakulima wa bonde la Juba, ambao wahenga wao wengi waliletwa kama watumwa kutoka pwani ya kusini. Nyumbani walidharauliwa, na kambini dharau ikawafuata. Ndio waliojenga vibanda vya wengine na kuteka maji. Kisha Marekani ikakubali kuwapokea takriban 12,000, na mwaka 2002 wakasafirishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma kwa ajili ya mahojiano. Ghafla jina lile likawa mali. Watu ambao mwaka mmoja kabla wasingekubali kula nao sahani moja walianza kukumbuka bibi wa upande wa mama aliyekuwa wa kwao. Sisi tuna neno buufis, ni ile hamu ya kuondoka inayomkaa mtu kichwani mpaka anashindwa kuishi pale alipo. Nimeona buufis ikibadilisha nasaba za watu.

MCHANGIAJI KUTOKA LODWAR, ANAYEISHI NAIROBI

Nimesoma kwa makini, na kwa kuwa wenyeji tumealikwa, nitasema bila kumkwaza mtu.

Mama yangu aliuza kuni na makaa kambini. Alitoka nyumbani saa kumi za usiku na mzigo kichwani, akafika kwenye nyumba za wakimbizi kukipambazuka, na mara nyingi hakulipwa pesa bali unga, ule ule wa rasheni mnaoueleza. Kwa hiyo nami nimelelewa na kile kikombe, ila sisi hatukuwa na kadi. Mkimbizi alikuwa na mwenyekiti wa kumpigania. Mama alikuwa na sauti yake mwenyewe pale mlangoni, kwa lugha ambayo mwenye nyumba hakuielewa vizuri. Wakimbizi wengi walitutendea wema, wengine walitudharau, na wavulana wetu nao waliwaibia usiku. Haya yote ni kweli kwa pamoja, na mtu anayesimulia moja tu anaficha mengine.

Mnaposema kambini mtu hana haki, mimi huuliza: ardhi ni ya nani? Sasa Kakuma imefanywa manispaa, na serikali ilizindua Mpango wa Shirika mwezi Machi 2025, ambao unataka kambi zigeuke kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Ninauunga mkono kwa moyo mmoja na kuuogopa kwa moyo wa pili. Mkimbizi hawezi kumpigia kura gavana wala mwakilishi wa wadi, kwa sababu kura ni ya raia. Kodi ya soko atalipa. Taka zake zitazolewa na manispaa. Je, akidai taa za barabarani, atamdai nani? Na sisi ambao tuna kura lakini hatuna maduka, tutamdai nani? Naona mji ambao nusu ya watu wana kura na nusu nyingine wana biashara, na sijui watakaa vipi meza moja.

MWENYE UZI

Dada wa Eastleigh, kisa chako kimenifanya niache kazi nitembee kidogo. Sina jibu, na nisingependa kujifanya ninalo.

Ndugu wa Lodwar, umenisahihisha mahali panapostahili. Katika maelezo yangu ya bloku sikumtaja mtu hata mmoja wa Turkana, ilhali kila asubuhi mlango wetu uligongwa na mama mwenye mzigo wa kuni. Tulimjua kwa mwendo wake. Jina lake sikulijua, na hilo nalo ni jambo la orodha, kwa kuwa hakuandikwa popote.

Kuhusu haki, kuna kifungu ambacho watu wengi hawakitaji. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inampa mkimbizi kutoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hiari ya kuacha ukimbizi ili afaidi haki za raia wa Jumuiya. Sheria hiyo ilipotiwa saini, Kongo haikuwa mwanachama. Iliingia mwaka 2022. Sudan Kusini iliingia 2016, Burundi imo tangu 2007, na Somalia imekuwa mwanachama kamili tangu 2024. Tazama basi kambi zetu: ukiwaondoa Wahabeshi, Waeritrea na Wasudani wa kaskazini, karibu kila mtu aliyemo ni raia wa Jumuiya. Amelala mkimbizi, ameamka mwana-Jumuiya, na hajatoka kwenye hema. Pale Kabiria tumeijadili hiari hiyo mara nyingi, na kila mara mazungumzo huishia mahali pamoja. Ukiacha ukimbizi unaacha ulinzi wa kutorudishwa unakokimbia, unaacha mgao, unaacha na foleni ya kuhamishiwa nchi ya tatu, hata kama foleni hiyo haisogei tangu Marekani ilipofunga mlango Januari 2025. Unapata nini? Ruhusa ya kuomba kibali cha kazi kama raia mwingine yeyote wa Jumuiya. Sijamwona mtu wa kwetu aliyeichagua. Nimeona wengi wanaopenda kujua kwamba ipo.

Kuna jambo jingine nililotaka kulifikia, nalo ni namna orodha yenyewe ilivyobadilika. Mwaka 2013 alama za vidole zilianza kutumika kwenye mgao, na kadi ya kutobolewa ikapoteza nguvu yake. Mwaka 2015 Kakuma ikapata Bamba Chakula, ambapo sehemu ya rasheni ilitumwa kwa simu na kutumiwa kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Jina lenyewe ni la Kisheng, na wazee wetu walihitaji kutafsiriwa na wajukuu. Tulifurahi, kwa sababu mtu aliweza kuchagua mchele badala ya mtama. Lakini siasa ilihamia dukani. Mwenye duka akawa ndiye anayekukopesha katikati ya mwezi, na wengine waliacha laini zao kwake kama rehani, kwa hiyo pesa ikiingia yeye ndiye wa kwanza kuiona.

Kisha mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua vibaya, familia za Kakuma ziligawanywa katika makundi manne kwa kipimo cha uhitaji, la kwanza likiwa la wenye uhitaji zaidi, na kundi la nne likaambiwa kwamba halitapewa chakula kabisa. Watu waliandamana mwaka huohuo. Shangazi yangu bado yuko kule. Anasema kilichowauma wengi, zaidi hata ya kukatiwa, ni kwamba waliona namba tu. Jirani yake ana kibanda cha kuuza ndagala (hapa Nairobi mngesema omena) akawekwa kundi la kwanza, yeye ambaye hana kibanda akawekwa kundi la namba kubwa zaidi, na hapakuwa na mti wa kwenda kusimama chini yake na kusema, "Twendeni tukaone mstari." Mwenyekiti wa bloku aliulizwa, akafungua mikono. Kwa mara ya kwanza hata yeye hakuwa ameiona orodha.

MCHANGIAJI KUTOKA UMOJA

Samahani, lakini uzi huu unaanza kupamba mambo. Mimi pia nimepitia Kakuma, miaka sita, na mwenyekiti wetu aliuza barua. Kila mtu alijua bei yake. Kazi za insentivu zilikwenda kwa wapwa zake, na bloku yetu ilipokuwa na kabila moja lenye watu wengi, mlolongo huo wa uchaguzi unaousimulia kwa upendo ulikuwa hesabu ya ukoo tu. Ukisimama kwenye mstari mfupi, kesho yake mtungi wako bombani unasogezwa nyuma.

Na kuna hoja nzito zaidi. Wapo watu ambao jina lao likisomwa kwa sauti wamekwisha. Dada yangu alipewa msaada fulani baada ya mambo aliyotendewa njiani. Ungesoma orodha ile chini ya mti wako? Yupo kijana aliyekimbia kundi la wapiganaji, na jamaa za kundi lilelile wanaishi bloku ya pili. Ungesoma jina lake na kumtaka asimame? Siri nayo ni ulinzi. Waliopigania orodha zifungwe hawakuwa wapumbavu.

MWENYE UZI

Dada wa Umoja, nakubali, na nakubali kwa uzito. Wenyeviti wa kuuza barua niliwajua. Mzee wetu wa Kirundi alifuatwa na mwingine ambaye sitamsimulia. Na suala la bomba ni kweli tupu. Mitungi ilipangwa mstari tangu usiku, kila mmoja na alama yake, kitambaa chekundu, tundu la kifuniko, jiwe juu yake, na mtungi ulisimama badala ya mtu huku mwenyewe amelala. Sisi tuliuita bido, wenyeji wakauita mtungi, na kwa neno hilo tu ulijulikana umefika lini. Kuusogeza mtungi wa mtu nyuma kulikuwa kumwambia jambo ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia usoni.

Kuhusu dada yako, hapana, nisingesoma. Labda nilipaswa kutofautisha tangu mwanzo. Ipo orodha ya kinachogawanywa kwa kuwa hakitoshi, kama mabati, na ipo orodha ya walioumizwa. Ya kwanza ikifichwa hulea wezi. Ya pili ikifichuliwa huua. Taabu ni kwamba ofisini zote mbili hukaa kabati moja, na kila anayeuliza juu ya mabati hujibiwa kwa lugha ya siri iliyotungwa kwa ajili ya dada yako.

MCHANGIAJI KUTOKA EASTLEIGH

Mwenye uzi, hujatuambia. Pale Kabiria, orodha ilisomwa au haikusomwa?

MWENYE UZI

Ilisomwa. Tuliafikiana kwamba isomwe majina tu, bila kiasi ambacho kila mtu anadaiwa, na waliotoka Uvira wakakubali ili waende nyumbani, kwa maana ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili na wengine wanakaa mbali hadi Kayole. Katibu alikuwa ameyanakili majina kutoka kwenye vitambulisho vya ukimbizi, kama alivyoagizwa, kwa hiyo yalitoka kwa mpangilio wa fomu. Watu walikuwa wakicheka wakigundua majina ya majirani zao wa miaka mingi. Majina mawili yalipingwa: mmoja alikuwa amehamia Nakuru na hajatoa mchango tangu mwaka jana, mwingine aliandikwa mara mbili kwa herufi tofauti.

Jina la 38 lilipotajwa hakuna aliyesimama. Katibu akarudia. Watu wakageuka kutazamana, na yule mama wa mlangoni akasema lifutwe, hilo ni jina hewa. Mke wangu akanigusa kiwiko. Nikasimama.